Familia ya Mwanga likizoni Zambia: kwa nini wasomaji wako hawacheki

Kijana mmoja wa Mwanga, Kigoma, ameniandikia barua ndefu, nimeifupisha hivi: "Shikamoo mwalimu. Naandika riwaya ya kuchekesha, familia ya hapa Mwanga inaenda likizo Zambia na meli ya Liemba, mambo yanaharibika. Kila sura nimeweka balaa, wanaibiwa, mtoto anashikwa malaria, basi linakufa porini, baba anawekwa ndani, mwisho meli inakaribia kuzama. Nimefika sura ya 14. Watu watatu wamesoma, hakuna aliyecheka, dada yangu kasema imemhuzunisha kabisa. Na rafiki yangu anasema likizo ya nje ya nchi ni mambo ya Wazungu, familia ya Kigoma haiendi likizo. Niongeze vituko au niachane nayo?"

Marahaba mwanangu. Usiachane nayo, na vituko usiongeze hata kimoja, tena nataka upunguze. Zile sura nne ulizonitumia nimezisoma mara mbili, mara ya kwanza kwenye treni nikitoka Kigoma kurudi huku Tabora, mara ya pili nyumbani nimetulia, na mara zote mbili nilicheka sehemu ile ile moja tu. Ni pale Mama Neema, mama wa hiyo familia, anapoamka alfajiri kwenye gesti ya Mpulungu, ile bandari ya Zambia, anatafuta ufagio, anafagia uwanja wote mpaka nje ya geti, af dada wa gesti anatoka na kumwambia kwa upole kwamba mama samahani hapa nafasi ya kazi hamna. Mistari sita, bas. We mwenyewe umeipita mbio unakimbilia kwenye wizi.

Sasa tujiulize kwa nini hapo nimecheka na kwenye wizi sikucheka. Ule uwanja Mama Neema aliufagia kwa sababu ni Mama Neema. Yule mama tangu aolewe jua halijawahi kumkuta kitandani, ukimwambia pumzika hajui kupumzika kunaanzia wapi, mkono unatafuta ufagio wenyewe. Hakuna mtu mwingine kwenye kitabu ambaye angefanya vile. Ila yule mwizi wako angeweza kumwibia mtu yeyote stendi yoyote, malaria inamshika mtoto wa yeyote, basi linakufa na abiria wote ndani hata wasiokuhusu. Hayo mabalaa yote umeyaokota njiani ukawarushia, na msomaji akiona watu wazuri wanarushiwa mawe anawaonea huruma, ndo maana dada yako kahuzunika, na dada yako yuko sahihi.

Kwa hiyo kazi yangu na yako ni moja. Kila kitakachoharibika Zambia kiwe wameondoka nacho Mwanga, ndani ya mabegi yao au ndani ya vichwa vyao. Nitakupitisha humo humo kwenye stori yako ili uone ninachosema, sitaki nikuachie maneno matupu.

Kwanza tuondoe yale mazito. Meli kukaribia kuzama itoe. We ni mtu wa ziwani, unajua watu wanaotusoma ni akina nani. Mv Bukoba ilizama 1996 kule ziwa Victoria ikaondoka na mamia ya watu, na huku kwetu kila kijiji cha ufukweni kuna nyumba inayomkumbuka mtu ambaye boti haikumrudisha. Msomaji akifika kwenye sura ya meli kuyumba anaacha kukusoma wewe anaanza kumkumbuka wake. Na mtoto kuumwa malaria pia itoe, mama yeyote akisoma degedege la mtoto ugenini hacheki tena mpaka kitabu kiishe hata ukimponya sura inayofuata. Kinachochekesha ni aibu. Mtu ana kitu anataka kukilinda, heshima yake, jina lake, siri yake, af kila anavyokilinda ndo kinazidi kuchungulia. Maafa mwachie mwandishi wa tanzia.

Ila uoga wa kuzama waweza kuutumia vizuri sana bila meli kuguswa. Baba Neema umesema ni mstaafu wa reli, anajua kila kitu, hapendi kukatizwa. Basi mpe historia ya Liemba aisimulie dekini usiku, katikati ya maji, giza, abiria wa daraja la tatu wamelala juu ya magunia yao. Na historia ni tamu yenyewe huna haja ya kuongeza chumvi: meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwenye masanduku yanayosemwa kufika 5,000 mpaka Dar es Salaam, ikapanda reli ya kati ambayo ndo kwanza ilikuwa imefika Kigoma, ikaungwa hapo hapo Kigoma na kuingia majini 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Sasa Baba Neema anafika 1916, anapandisha sauti kwa sababu hapo ndo anapopapenda: "na Wajerumani WAKAIZAMISHA!" Abiria mmoja anafungua jicho. Yeye anaendelea, meli hii hii mliyolalia, ilikaa chini ya maji mpaka 1924. Mama mmoja anakaa kitako anauliza nini, chini ya maji? Baba Neema kwa furaha ya kupata msikilizaji anaeleza kwamba wale Wajerumani walipaka injini grisi nene kabla ya kuizamisha ndo maana Waingereza walipoitoa ikafanya kazi tena, 1927 ikarudi safari kwa jina la Liemba, yani injini zilikuwa nzima kabisa! Ila hakuna aliyesikia habari ya grisi, watu wote wamebaki na neno moja tu kuzama, wameanza kuhamia upande wenye maboya, na yeye anawafuata huko huko na historia yake maana hajamaliza. Unaona? Meli haijatikisika, ziwa kama kioo, na msomaji anacheka kwa sababu mtu anayewatisha anadhani anawatuliza.

Nije kwa rafiki yako aliyesema likizo ni mambo ya Wazungu. Huyo rafiki amekupa zawadi na hujaiona. Kweli sisi tunasafiri, tena sana, ila tunasafirishwa na jambo: msiba, harusi, matibabu, biashara, mtoto kupelekwa shule, kwenda kumwangalia mzazi. Sheria ya kazi ya 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka na wengi wetu tunazimalizia shambani au kwenye ujenzi. Safari isiyo na jambo ndo ngeni, na huo ugeni ndo kitabu chako. Baba Neema kapata kiinua mgongo, kaona kwenye televisheni familia imekaa ufukweni na miwani ya jua, kaamua na wao waende. Hajui mtu akifika likizoni anafanya nini. Neema, mwenye miaka kumi na mbili, amuulize swali moja tu kabla ya kuondoka: "Baba, tukifika tunamsalimia nani?" Hamna wa kumsalimia. Familia nzima inatoka Mwanga na mabegi saba kwenda mahali ambapo hamna mtu wa kumsalimia, na Mama Neema hawezi kuvumilia hilo, kwa hiyo kwa siri anaanza kutafuta undugu, mpaka anapata jina la shangazi wa shemeji wa jirani aliyewahi kuolewa upande wa Mpulungu, na huyo ndo anabebewa dumu la mawese la lita tano na gunia dogo la dagaa. Mume hajui. Mume anadhani wanaenda kupumzika, mke anajua wanaenda kusalimia. Mgogoro wako huo hapo umeshaanza na hawajafika hata bandarini.

Na hizo dagaa usizipite hivi hivi. Dagaa wa Kigoma ni fahari yetu, anayetoka Kigoma bila dagaa watu wanamshangaa hata hapa Tabora. Sasa Mama Neema anazibeba siku mbili mzima anazilinda na maji, na unyevu, na watoto wa watu, anafika Mpulungu sokoni anakuta zimeanikwa mafungu kwa mafungu, wenyewe wanaziita kapenta. Samaki wale wale wa ziwa lile lile, maana Tanganyika ni moja lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na nchi nne zimelizunguka, samaki hawana pasipoti. Hao hao dagaa ndo Zambia walipandikiza kwenye bwawa la Kariba miaka ya 60. Mwanamke wa kwetu akigundua zawadi aliyoibeba siku mbili imejaa soko zima anafanyaje? Mi namjua, hakubali. Atasema hizi za huku zimevuliwa zimechoka, zimeogelea mbali. Na aseme kwa moyo wote, asitanie.

Hapo nikukumbushe kitu ambacho umekosea kila sura. Wahusika wako wanajua kwamba wako kwenye kitabu cha kuchekesha. Baba Neema anapepesa macho, Mama Neema anatoa misemo ya kuchekesha, msimulizi anaandika "ilikuwa ni kichekesho kweli kweli" na alama za mshangao tatu tatu. Futa zote. Ndani ya stori hakuna anayetakiwa kucheka. Kwao ni mambo ya kufa na kupona. Mcheshi mzuri wa kijiweni umeshamwona akisimulia, uso mkavu, wanaolia kwa kicheko ni wengine.

Sasa wizi. Nataka familia ifilisike bila mwizi. Riwaya yako hujaiwekea mwaka, iweke 2014, nitakwambia kwa nini. Baba Neema ana rafiki yake wa zamani aliyewahi kufanya kazi upande wa Zambia, anadaiwa na Baba Neema tangu enzi hizo, sasa kusikia safari anafurahi anamlipa deni lote kwa noti za kwacha alizozihifadhi kwenye kopo, laki tano taslimu. Baba Neema anatembea Mwanga yote kifua mbele, laki tano za kwacha! Kumbe tarehe 1 Januari 2013 Zambia walikata sifuri tatu kwenye hela yao, elfu moja ikawa moja, na baadaye noti za zamani zikaondolewa kwenye mzunguko. Rafiki hakujua, Baba Neema hakuuliza kwa sababu mtu anayejua kila kitu haulizi. Na asigundue uhamiaji, uhamiaji kumeshachoshwa na waandishi, agundue baada ya kuwaagizia soda gesti nzima pamoja na watu wasiomjua, anatoa bunda, muuza duka analigeuza geuza anaita wenzake waje waone hela ya zamani.

Hapo ndo nataka uingize kitu ambacho kitafanya watu wakipende kitabu. Mama Neema ana hela ya upatu kaifunga kwenye pindo la kitenge, mume hajui. Angeweza kuitoa pale pale akalipa, yangeisha, ila mumewe angevunjika mbele ya watu. Kwa hiyo anaenda kwa dada wa gesti, yule yule wa ufagio, wanaongea jikoni, anamlipa kimya kimya na kumwomba aseme wageni wa nyumba hii siku ya tatu ni bure. Dada anasema hivo. Na Baba Neema akishasikia ni bure badala ya kunyamaza anaanza kualika watu, njooni huku kuna ofa, pindo la kitenge linazidi kupungua. Msomaji anacheka na huku moyo umelainika, maana anaona mke anampenda huyu mzee na mzee hajui kinachomgharimu. Mwanangu, hii sura moja ikikaa sawa inazidi sura zako zote 14, nakwambia kweli.

Saa nazo zitumie. Zambia wako nyuma yetu saa nzima, na pia sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Dereva wa Mpulungu anasema kwa Kiingereza atawafuata saa nane asubuhi yao, ambayo kwa usemi wetu ni saa mbili. Baba Neema anajivunia Kiingereza chake, anatafsiri neno kama lilivyo, anawaambia familia gari ni saa nane mchana. Na saa yake ya mkononi hajaigusa, bado ni ya Kigoma. Kwa hiyo dereva anafika kwa wakati wake sahihi kabisa, kwenye saa ya Baba Neema inasoma saa tatu asubuhi, na Baba Neema anatoka na mswaki mdomoni kumfokea mtu kwa kosa la kuwahi masaa matano. Dereva naye ana heshima zake, anaomba radhi, anakaa kusubiri, na kusubiri kunalipiwa. Neema ameshaona saa ya ukutani tangu jana, anajua kila kitu, ila juzi alimsahihisha baba mbele ya watu mama akamfinya, kwa hiyo amekaa kimya. Adabu yake ndo inawagharimu. Hilo nalo limetoka nyumbani, ndo malezi aliyolelewa.

Mambo madogo ya lugha, haraka haraka. Una kipaji cha mazungumzo ila huutumii utajiri wa Kiswahili chenyewe. Begi moja hilo hilo, Baba Neema aliite sanduku, Mama Neema aliite kisanduku, yule mchukuzi anayetaka hela ya kubeba aliite jisanduku, na msomaji atajua kila mmoja anawaza nini bila we kueleza. Pia Kiingereza cha Baba Neema pale bandarini usikiandike chote cha kuvunjika, ni utani rahisi na unamdhalilisha. Mwandike aongee Kiingereza kizuri cha zamani cha ofisini, taratibu, kwa unyenyekevu, mpaka amalize, af ofisa wa uhamiaji amjibu kwa Kiswahili, maana Mpulungu ni bandari na Kiswahili kinasikika. Kuhusu ule utani wa bibi kumwita mjukuu "mume wangu" na ofisa kushtuka, hautafanya kazi hapo. Utani wa bibi na mjukuu hata huko wanao. Ugeuze, ofisa asishtuke, amwamkie yule mjukuu wa miaka tisa kwa heshima zote kama mwenye familia, amwombe yeye ndo aonyeshe hati, na Baba Neema asimame pembeni hajaulizwa kitu.

Kwenye vituo vya njiani umeandika meli "inatia nanga gatini" kila mahali. Hapana. Vijiji vingi kusini mwa Kigoma Liemba ilikuwa haina gati la kushukia, inasimama majini inapiga honi, boti na mitumbwi inatoka ufukweni, watu wanapanda na kushuka usiku usiku na magunia na kuku na watoto wanarushwa mikono kwa mikono. Mimi nimesafiri nayo nikakaa ukingoni usiku mzima naangalia, sijawahi kuona sehemu yenye kelele, taa na maisha kama pale. We umekulia Mwanga umeweka mstari mmoja! Pale dumu la mawese linaweza kushuka na mtu asiye wake likarudi kwa kituo kinachofuata, pale Baba Neema anaweza kumsaidia mama mmoja kushusha mizigo na meli ikaondoka yeye yuko kwenye mtumbwi. Pape kurasa kumi.

Na kwa nini 2014 na sio mwaka mmoja mbele. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walijaa Kagunga, kile kijiji cha ziwani mpakani na Burundi, maelfu kwa maelfu kwenye kile kiufukwe, na kipindupindu kikaingia, Liemba ndo ikawa inawachukua kuwaleta Kigoma. Watu wa kwetu wanaikumbuka. Ukiiweka familia yako kwenye meli ile mwaka ule ukacheka cheka nayo utawaumiza watu, na ukinyamaza kana kwamba haikutokea watajua huijui Kigoma. Mwaka 2014 meli iko kazini, noti mpya za kwacha zina mwaka mmoja na kitu, kila kitu kinakaa.

Nimalize na mwisho wa kitabu, maana meli kuzama tumeshaitoa na unahitaji kitu cha kuweka. Umewapeleka maporomoko ya Kalambo na ukaandika tu kwamba "yalikuwa mazuri sana." Mwanangu! Mto Kalambo ni mpaka. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200, upande huu Zambia, upande ule mkoa wa Rukwa. Tangu sura ya kwanza Baba Neema amewaambia majirani "tunaenda nje" akaishia hapo, wao wakaelewa Ulaya, yeye hakusahihisha, na Mwanga yote wameagiza zawadi kwenye daftari. Uongo huo ameubeba siku zote hizi. Sasa wamesimama Zambia, wamelipa gari, wamelipa kiingilio kwa hela ya pindo, wananyoosha shingo kuangalia uzuri wa nje ya nchi, na Neema anaona ng'ambo ya korongo kuna watoto wamekuja na mwalimu wao, shati jeupe na sketi ya bluu, sare ile ile aliyoiacha imeanikwa kwenye kamba Mwanga. Anasema kwa sauti. Baba Neema anaangalia, anatafuta neno, safari hii anakosa. Mpe kimya kirefu, aya nzima ya maji tu. Af Mama Neema anapanga kitenge chake vizuri, anawageukia watoto, anawaambia:

"Wapungieni wenzenu, wako nje ya nchi wale."

Sura ifunge hapo hapo, na ile sura ya kurudi nyumbani uliyoipanga usiiandike.